2/52 sio tarehe: karatasi ya ruhusa ya hospitali inasomwaje

Mwezi wa 3 mwaka 2023 mama mdogo wangu alilazwa kama wiki hivi kwenye hospitali moja hapa Dar, jina sitaji maana hii stori ingeweza kutokea wodi yoyote ile. Miguu ilikuwa imevimba mpaka kandambili haziingii, usiku hawezi kulala chali, anakosa pumzi, analala amekaa. Wakamtibu vizuri tu, maji yakatoka, siku ya tano akaanza kugombana na manesi kuhusu uji hauna sukari, tukajua huyu sasa anarudi nyumbani. Kweli, Jumanne tarehe 14 raundi ikapita, daktari akasema "mama leo tunakuruhusu", na si unajua ndugu wa mgonjwa wakishasikia hilo neno, mmoja anakimbilia dirishani kwenye bili, mwingine anakunja mashuka, mwingine yupo getini anapatana na Bajaji. Karatasi yenyewe nikapewa mimi mlangoni, na nesi aliyekuwa amebeba mafaili mengine kama manne hivi. Nikaikunja nikaitia kwenye kikapu pamoja na chupa ya chai.

Jioni tuko Mbagala ndo tukaitoa. Mstari wa chini kabisa uliandikwa "TCA 2/52 MOPC". Binti yake, form four kamaliza juzi juzi, akasema hii ni tarehe 2 mwezi wa 5, ile 2 ya mwisho mkono wa dokta umeteleza. Wote tukakubali, nikiwemo mimi niliyesoma mpaka chuo. Tukaiandika kwenye kalenda ya ukutani, tarehe 2 mwezi wa 5, kliniki.

2/52 sio tarehe. Ni wiki mbili. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo daktari akiandika namba juu ya 52 anamaanisha wiki, juu ya 7 anamaanisha siku, juu ya 12 anamaanisha miezi. 5/7 ni siku tano, 1/12 ni mwezi mmoja. TCA ni ufupisho wa Kiingereza wa "arudi tena", na MOPC ni kliniki ya wagonjwa wa nje ya magonjwa ya ndani. Yaani mtu aliyetakiwa arudi tarehe 28 mwezi wa 3 sisi tulishampangia mwezi wa 5, zaidi ya mwezi mzima amechelewa, tena kwa roho safi kabisa na kalenda tumeichora kwa kalamu nyekundu.

Ngoja niiweke karatasi yote hapa, kwa sababu ukishaelewa hii moja nyingi zinafanana:

"Dx: CCF 2° HTN. GC stable. Rx: Tabs Frusemide 40mg OD, Tabs Losartan 50mg OD, Tabs Spironolactone 25mg OD, Tabs Atorvastatin 20mg nocte, x 1/12. Ct Rx. Pt counselled. TCA 2/52 MOPC c̄ Cr, K+."

Imeisha hiyo. Wiki nzima ya maisha ya mtu.

Nilichokuja kuelewa baadaye, na ndo kilichonifanya niandike hii makala, ni kwamba ile karatasi wala haikuandikwa kwa ajili ya mama mdogo. Tunadhani ni barua yake kwa sababu anapewa yeye mkononi, lakini ukiisoma utaona ni barua kutoka kwa daktari kwenda kwa daktari mwingine, atakayempokea kliniki au atakayempokea usiku akizidiwa, na mgonjwa hapo ni kama mtu aliyepewa bahasha aipeleke Kariakoo. Kwa huyo daktari mwenzake karatasi iko sawa kabisa! Ataisoma kwa sekunde kumi na ataelewa kila kitu. Kwa hiyo wale wanaosema "watu wetu hawasomi" wanakosea mlango. Hata profesa wa uhasibu ukimpa hiyo karatasi atakwama kwenye hiyo c yenye kamstari juu, ambayo kumbe ni neno la Kilatini, cum, maana yake "pamoja na". Kwamba arudi pamoja na majibu ya kreatinini (kipimo cha figo) na potasiamu.

Na Kilatini humo kimejaa. OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu, QID mara nne, nocte ni usiku, stat ni sasa hivi, PRN ni pale unapohitaji tu, kwa mfano dawa ya maumivu. PO ni kwa mdomo. AC kabla ya kula, PC baada ya kula. Hiyo Rx yenyewe ni recipe, "chukua", daktari anamwamuru mfamasia. Vingine ni mazoea ya wodini: Dx ni ugonjwa uliobainika, Hx historia, GC hali ya jumla ya mgonjwa, alama ya reli # ni mfupa uliovunjika, FBP ni kipimo cha damu cha jumla, SVD ni amejifungua kawaida, C/S kwa upasuaji, NAD hawajaona tatizo lolote, na ile 2° yenye kaduara, ambayo shemeji yetu aliisoma "nyuzi joto mbili", inamaanisha "kutokana na". Kwa hiyo mstari wa kwanza wote unasema: moyo umeshindwa kusukuma damu inavyotakiwa, kutokana na presha.

Usidhani ni uzembe wa madaktari. Anayeandika hiyo karatasi mara nyingi ni yule kijana wa intern, amekesha, ana watu kumi wa kuruhusu kabla ya saa nane ili vitanda vipatikane, na vifupi vilianza kutumika kwa sababu hiyo hiyo, mkono unachoka. Lakini vifupi vinawachanganya hata wenyewe. OD hiyo hiyo kwa daktari wa macho ni jicho la kulia. Herufi U inayowekwa badala ya "yuniti" kwenye insulini, mtu akiandika 10U haraka haraka inasomeka 100, na hapo ni mara kumi ya dozi. Marekani kuna chombo kinachokagua hospitali, Joint Commission, mwaka 2004 kikatoa orodha ya vifupi ambavyo ni marufuku kuandika, hiyo U ikiwemo, pamoja na mtindo wa kuandika 5.0 (nukta ikififia inakuwa 50) na wa kuandika .5 bila sifuri mbele. Sasa kama waliosomea wanateleza, mama mdogo aliyeishia darasa la saba afanyeje.

Na darasa la saba sio kwamba hajui kusoma, tuelewane hapo. Kasoma, gazeti anasoma, mahesabu ya vikoba anapiga yeye. Ila kasoma kwa Kiswahili, kwa sababu shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili, Kiingereza cha kufundishia kinaanza sekondari, na udaktari wote unafundishwa kwa Kiingereza. Daktari kaongea naye Kiswahili wiki nzima, "mama umeamkaje, miguu vipi", alafu siku ya kuondoka anamkabidhi karatasi ya Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kwa hiyo ukishtakiwa kwa kuiba kuku utahukumiwa kwa lugha unayoielewa, lakini ukilazwa kwa moyo, majibu yako utayaelewa ukipata wa kukusomea.

Turudi Mbagala. Tatizo letu kubwa kumbe halikuwa hata hiyo 2/52, lilikuwa maneno mawili madogo, "Ct Rx", endelea na dawa. Dawa zipi? Kwa daktari ni wazi, hizo zilizoandikwa hapo juu. Kwetu sisi endelea na dawa ni pamoja na zile zilizopo nyumbani, na nyumbani kulikuwa na Lasix alizonunua famasi miezi miwili nyuma, jirani alimwambia zinatoa uvimbe. Sasa Lasix na Frusemide ni kitu kimoja! Lasix ni jina la kibiashara, Frusemide ni jina la dawa yenyewe, kama Panadol na paracetamol, kama Flagyl na metronidazole. Mama mdogo akawa anakunywa ya hospitali asubuhi na ya nyumbani mchana, dozi mara mbili ya dawa inayokamua maji mwilini. Siku ya tisa akadondoka akitoka chooni. Tulipomrudisha, daktari wa zamu akaziona zile pakiti mbili juu ya meza, akauliza taratibu, "nani alimwambia anywe zote mbili?" Hakuna aliyejibu, maana jibu la kweli ni kwamba hakuna aliyemwambia anywe na hakuna aliyemwambia asinywe.

Ndo hapo pia tukajua kwamba ile kliniki ya wiki mbili ilikuwa na sababu yake. Losartan na spironolactone zikikutana zinaweza kupandisha potasiamu kwenye damu na kuzisumbua figo, na potasiamu ikipanda sana mapigo ya moyo yanavurugika, na haina dalili ya kukuonya mapema, inaonekana kwa kipimo tu. Sisi tulidhani kliniki ni ya kwenda kuonana na dokta, "mama unaendeleaje", "naendelea vizuri", basi. Kama karatasi ingesema tu KWA NINI arudi, hata tarehe tungeihangaikia zaidi.

Kitu kingine ambacho karatasi haikuuliza: mfungo ulikuwa unaanza wiki iliyofuata. Mama mdogo hajawahi kuacha kufunga Ramadhani tangu binti. Dawa ya kukamua maji, mtu hanywi maji mchana kutwa, joto la Dar la mwezi wa 3 unalijua. Hakuna aliyemuuliza na yeye hakusema, kwa sababu kwake hilo sio jambo la hospitali. Daktari wa pili alipoambiwa akakaa naye chini kabisa kwenye kile kistuli, wakaongea kama dakika kumi, mwaka ule akala na akapanga kulisha masikini.

Na muda wenyewe ni mtego ambao nadhani ni sisi tu watu wa Afrika Mashariki tunaweza kuutega. Karatasi au kibandiko cha famasi kikiandika "8am" mzee anasoma nane, anakunywa saa nane mchana. Saa zetu zimepishana na za kwao kwa masaa sita, sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza, na mtu anaweza kukosea dozi miezi mitatu huku anafuata maandishi kwa uaminifu wote. Wenzetu wanaoongea Kihispania kule Marekani nao wana wa kwao, neno la Kiingereza "once", mara moja, kwa Kihispania linasomeka kumi na moja.

Hata Kiswahili chetu cha bahasha ya dawa kinahitaji kuangaliwa. "1x3, kutwa mara tatu." Kutwa ni nini? Mchana kutwa, usiku kucha, kutwa ni mpaka jua lizame. Kwa hiyo mtu mwenye Kiswahili chake safi anagawa vidonge vitatu kati ya asubuhi na magharibi, saa mbili, saa saba, saa kumi na mbili, alafu usiku mzima masaa kumi na nne hana dawa mwilini. Kwa dawa ya maumivu sio mbaya sana, kwa antibiotiki inayotakiwa kila baada ya masaa nane ni tofauti kubwa. Na "baada ya kula" nayo, kuna watu mjini hapa wanakula mlo mmoja, wakiona 1x3 baada ya kula wanakunywa kimoja, ndo wametii hivyo.

Kwa hiyo ukiniambia suluhisho ni kutafsiri karatasi kwa Kiswahili nitakukubalia nusu. Tafsiri peke yake inaweza kuleta "shinikizo la juu la damu lililosababisha kushindwa kwa moyo", na hapo umemtisha mtu bila kumwelewesha. Binti yake alipogoogle lile neno failure alilia, alidhani mama yake moyo umeshafeli, yaani umesimama unasubiri siku tu. Wakati maana yake ni moyo umechoka, unasukuma damu lakini sio kwa nguvu inayotakiwa, na watu wanaishi nao miaka wakiutunza. Kuna maneno ya hospitali ambayo maana yake mtaani imepinda kabisa. "Chronic" mtu anaelewa mbaya sana, kumbe ni ya muda mrefu tu. "Acute" anaelewa kali, kumbe ni ya ghafla. "Positive" inasikika kama habari njema. "Unremarkable" kwenye majibu ya ultrasaundi inaonekana kama dharau, na ndo jibu zuri kuliko yote, hawajaona cha kusema. "Stable" kwenye ruhusa haimaanishi amepona, inamaanisha hali haibadiliki-badiliki.

Na maneno yetu ya mtaani yana hatari zake pia. Presha ya kupanda. Tumeizoea, nzuri, kila mtu anaielewa, lakini jina lenyewe linakuambia kwamba ni kitu kinachopanda na kushuka, kwa hiyo ikishuka si imeisha? Ndo maana wengi wanakunywa dawa wiki mbili, wanapima famasi, wanakuta 130/80, wanaacha. Imeshuka KWA SABABU ya dawa, ukiacha inapanda tena. Mama mdogo ndo hivyo alivyofanya miaka kumi, na moyo ukachokea humo humo. Karatasi ya kumwelewesha mgonjwa lazima ipambane na hilo moja kwa moja, iseme "usiache hata presha ikiwa nzuri", tafsiri ya kamusi haitakusemea hivyo.

Wenzetu wamejaribu nini? Uingereza kuna daktari wa figo wa Birmingham, Hugh Rayner, alianza mwaka 2005 kuandika barua za kliniki kwa mgonjwa mwenyewe, "wewe" badala ya "mgonjwa huyu", alafu daktari mwingine anapewa nakala. Anwani tu imegeuka lakini ukibadilisha unayemwandikia, lugha inabadilika yenyewe, huwezi kumwandikia mtu "wewe una CCF 2° HTN" bila kujisikia vibaya. Mwaka 2018 umoja wa vyuo vya madaktari wa kule ukatoa mwongozo kuhimiza wengine wafanye hivyo kwa barua za kliniki. Ujerumani, mjini Dresden, mwaka 2011 wanafunzi wa udaktari walianzisha huduma ya bure mtandaoni, Was hab' ich?, maana yake "nina nini?", unatuma majibu yako wanakuandikia kwa Kijerumani cha kawaida, na wanafunzi wenyewe wanajifunzia humo humo kuongea na watu. Mimi hii ndo imenivutia kuliko zote, kwa sababu hapa Dar wanafunzi wa udaktari tunao, na kila mmoja ana mama mdogo.

Ila ushahidi wa nguvu nilioupenda ni wa Boston. Hospitali moja kule iligawa wagonjwa 749 makundi mawili, kundi moja wakaruhusiwa kama kawaida, kundi lingine wakapewa nesi wa kushughulikia ruhusa yao tu, kijitabu chenye dawa na tarehe zao kwa lugha nyepesi, na siku mbili mpaka nne baadaye mfamasia anawapigia simu kuuliza dawa unakunywaje. Matokeo yalitoka 2009, ndani ya siku 30 kundi la pili walirudi hospitali kwa kiasi kidogo, kama asilimia 30 pungufu. Ona kwamba karatasi nzuri haikuwa peke yake, kulikuwa na mtu na simu. Maana hata ukielezwa vizuri kiasi gani, unasahau, mwaka 2003 mtafiti wa Uholanzi Roy Kessels aliandika kwamba asilimia 40 mpaka 80 ya maelezo ya daktari yanasahaulika papo hapo, na karibu nusu ya yanayobaki kichwani yamebaki yamekosewa. Kwa hiyo "Pt counselled", mgonjwa ameelimishwa, iliyoandikwa kwenye karatasi yetu, inawezekana kabisa ni kweli. Alielimishwa. Yeye mwenyewe alikuwa anafikiria mashuka yake yako wapi.

Sasa najua kuna mtu ameshasema moyoni, kaka siku hizi si unapiga picha unaipa akili bandia inakusomea. Inasoma, nimejaribu, na kwa kilichochapwa inasaidia. Mwaka 2024 hospitali ya chuo kikuu cha New York ilichapisha utafiti, wakachukua muhtasari 50 wa wagonjwa walioruhusiwa wakaupa mtambo uugeuze lugha nyepesi, na kweli ugumu ulishuka kutoka kiwango cha darasa la 11 mpaka kama la 6. Lakini madaktari walipoukagua, kwenye tathmini 100 tathmini 18 zilikuta kitu cha kuhatarisha usalama, mara nyingi kitu kilichorukwa, na mara nyingine kitu kilichotungwa. Huo ni mtambo uliopewa Kiingereza kilichochapwa vizuri. Mwandiko wa intern wa saa tisa alasiri, alafu ukajibiwe kwa Kiswahili, mimi ningeutumia kupata maswali ya kwenda kumuuliza daktari, sio kupata majibu. Na hizo picha msizirushe kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo jamani, karatasi ina jina, umri, namba ya faili, na ugonjwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya ni nyeti, lakini sheria haimzuii shangazi kufowadi.

Nikichukua ile karatasi nikaiandika upya kwa mama mdogo, ingekuwa hivi:

"Mama, ulilazwa kwa sababu moyo wako umechoka kusukuma damu, maji yakabaki miguuni na kwenye mapafu. Kilichouchosha ni presha ya miaka mingi. Haujasimama, na ukiutunza utakaa nao. Dawa hizi ni za kuendelea, usiache hata ukijisikia mzima, hata presha ikiwa nzuri. Frusemide, ya kutoa maji, kidonge kimoja asubuhi. Hii ndiyo Lasix uliyonayo nyumbani, usinywe zote mbili. Losartan, ya presha na moyo, kimoja asubuhi. Spironolactone, ya kuusaidia moyo, kimoja asubuhi. Atorvastatin, ya mafuta kwenye damu, kimoja usiku. Dawa za maumivu kama diclofenac usinunue bila kuuliza, zinarudisha maji na kuumiza figo. Chumvi ya mezani acha. Jipime uzito kila asubuhi ukishatoka chooni kabla ya chai, ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, au pumzi ikibana ukilala, njoo siku hiyo hiyo, usisubiri kliniki. Rudi Jumanne tarehe 28 mwezi wa 3, saa mbili asubuhi, chumba cha kliniki ya magonjwa ya ndani, tutapima figo na potasiamu kwa sababu Losartan na Spironolactone zinaweza kuziathiri. Kama unafunga tuambie tupange."

Ukurasa mmoja, na ya kidaktari ibaki pale pale nyuma yake, madaktari waendelee kuandikiana, hakuna anayewanyang'anya vifupi vyao. Hospitali nyingi za serikali sasa hivi zina kompyuta wodini, mfumo ukishajua mgonjwa kapewa frusemide kuna ugumu gani kuchapa chini yake "ndiyo Lasix", au kugeuza 2/52 kuwa tarehe na siku. Hiyo sio akili bandia, ni kalenda.

Mpaka hiyo siku ifike, mimi sasa hivi mtu wetu akiruhusiwa siendi kwenye bili, namtuma mwingine. Nakaa na karatasi pale wodini, namwambia nesi, "sista naomba nikusomee nilivyoelewa, nikikosea unirekebishe", alafu namsomea kwa Kiswahili dawa moja moja. Sio "umenielewesha, asante", maana kila mtu anasema ameelewa, hasa mbele ya koti jeupe. Ukirudia kwa mdomo wako ndo makosa yanatoka. Kwenye kurudia huko nahakikisha nimepata ugonjwa una jina gani la Kiswahili cha nyumbani, ipi ni mpya na ipi ya zamani iachwe, kitu gani kikitokea turudi usiku huo huo, na kliniki ni tarehe ngapi saa ngapi kwa saa zetu. Mfuko wa dawa zote za nyumbani naubeba, hata zile za jirani. Hakuna nesi aliyenifukuza bado, mmoja aliguna, lakini alipokuta nimesoma TDS kama "Tandika" hivi tukacheka wote, akavuta kiti.

Kitu kimoja sikukijua mpaka mwaka jana. Mama mdogo alikuwa anaruka Frusemide siku zote za kwenda Kariakoo kufuata vitenge. Dawa inamkojoza kila nusu saa, foleni ya Mbagala unaijua, ndani ya daladala utaenda wapi. Alikuwa anaona aibu kumwambia daktari, mwanaume tena kijana. Tulipomsemea, dokta akasema kwa siku kama hizo anaweza kuinywa akisharudi, ilimradi isiwe jioni sana asije akakosa usingizi. Swali la dakika moja lililokaa mwaka mzima.

Sasa hivi karatasi yake iko nyuma ya mlango wa jiko, nimeiandika kwa makapeni, herufi kubwa. Kwenye mstari wa atorvastatin niliandika "usiku". Juzi nimeenda nimekuta kakata hilo neno kwa penseli, kaandika pembeni "ikiisha tamthilia".